Majibu ya Kipimo cha Damu cha Mzio: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mzazi aliyetoka maabara na karatasi yenye safu ya vyakula na tarakimu, wa mtu mzima aliyeambiwa ana aleji ya vitu kumi na viwili, na wa tabibu wa kliniki ya mtaani anayetakiwa kuamua leo kama mtoto aendelee kunywa maziwa au la. Tumeuandika kwa kufikiria Nairobi, yaani vyakula vyake, nyasi zake, vumbi lake na minyoo yake, maana viwango vingi vinavyotumiwa kusoma karatasi hizi vilitokana na wagonjwa wa Ulaya na Marekani.

Kipimo hiki kinapima nini hasa?

Kinapima kingamwili (protini za kinga) za aina ya IgE ambazo mwili umezitengeneza dhidi ya kitu kimoja mahsusi: maziwa, karanga, utitiri wa vumbi, na kadhalika. IgE iligunduliwa miaka ya 1960 na makundi mawili, moja Marekani la Kimishige na Teruko Ishizaka, jingine Uswidi la Johansson na Bennich. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani likaipa jina hilo. Maabarani, seramu yako (majimaji ya damu) humwagwa juu ya kitu kilichobeba protini za karanga, tuseme. Kingamwili zinazozijua karanga hunasa hapo, nyingine huoshwa, kisha mashine husoma mwanga wa zile zilizonasa. Zamani zilisomwa kwa mionzi, ndiyo maana baadhi ya madaktari bado hukiita kipimo hiki RAST.

Kwa hiyo kipimo kinaeleza jambo moja tu: mwili umekutana na kitu hiki na umekiwekea kingamwili. Kama utaumwa ukikila, kipimo hakijui. Wako watu wengi wenye kingamwili za karanga wanaokula karanga kila siku bila hata kujikuna. Mtu huyo hana mzio wa karanga, hata karatasi ikisema nini.

Nifunge kula? Niache dawa?

Hapana, kula kama kawaida. Setirizini, loratadini na dawa nyingine za antihistamini haziharibu kipimo cha damu, wala vidonge vya steroidi. Kipimo cha kudonoa ngozi ndicho kinachohitaji uache antihistamini, kwa siku 3 hadi 7 kulingana na dawa. Hiyo ndiyo faida kubwa ya damu kwa mgonjwa ambaye hawezi kuacha dawa, au ambaye ngozi yake imejaa ukurutu hata hakuna mahali pa kudonoa.

Damu haihitajiki nyingi. Mashine ya ImmunoCAP hutumia maikrolita 40 za seramu kwa kila kitu kinachopimwa, hivyo mililita 3 hadi 5 za damu zinatosha vipimo kumi na ziada. Mtoto mchanga anaweza kupimwa pia, hakuna umri wa chini.

Zile herufi na namba kabla ya jina, kama f13 au d1, ni nini?

Ni misimbo ya vitu vinavyopimwa. Herufi f ni chakula, d ni utitiri wa vumbi, g ni nyasi, t ni miti, w ni magugu, e ni wanyama, i ni wadudu, m ni kuvu, k ni vitu vya kazini kama mpira wa lateksi. f1 ni ute mweupe wa yai, f2 maziwa ya ng'ombe, f4 ngano, f13 karanga, f24 kamba wa baharini, d1 utitiri, i6 mende, e1 paka. Ukiijua misimbo hii utaweza kulinganisha karatasi ya mwaka huu na ya mwaka jana hata kama maabara imebadilisha majina.

Tarakimu zinasomwaje?

Kizio ni kUA/L, yaani wingi wa IgE katika lita moja ya seramu. Mashine za kisasa huanza kuona IgE kwenye 0.10. Mpaka wa zamani, ambao karatasi nyingi bado zinautumia, ni 0.35, na kuanzia hapo madaraja yamepangwa hivi:

Daraja 0: chini ya 0.35
Daraja 1: 0.35 hadi 0.69
Daraja 2: 0.70 hadi 3.49
Daraja 3: 3.50 hadi 17.4
Daraja 4: 17.5 hadi 49.9
Daraja 5: 50 hadi 99.9
Daraja 6: 100 na zaidi

Tunaomba msomaji aangalie tarakimu yenyewe na aachane na daraja. Mtu mwenye 3.6 na mwenye 17 wako daraja moja, ilhali kwa yai, kwa mfano, wako mbali sana. Tena rangi nyekundu na vijistari ambavyo baadhi ya maabara huchapisha pembeni vimewatia hofu wazazi wengi bila sababu.

Jambo jingine: tarakimu za mashine tofauti hazilinganishwi. 5 ya mashine moja inaweza kuwa 2 au 9 ya nyingine kwa damu ileile. Karatasi za vijistripi vinavyopima vitu 20 au 30 kwa mpigo ni za makadirio, na hazifai kufuatilia kama mzio unapungua. Ukianza na maabara moja, rudi kwa hiyohiyo.

Mtoto wangu ana daraja la 5. Hii ni aleji kali sana?

La. Kadiri tarakimu inavyopanda, ndivyo uwezekano wa kuumwa akila unavyopanda. Ukali wa kuumwa kwenyewe ni habari nyingine. Mtu wa 0.8 anaweza kuanguka kwa anafilaksisi (mzio wa ghafla wa mwili mzima unaoweza kuua), na mtu wa 60 akatokwa na mabaka mawili tu mdomoni. Ukali hutegemea zaidi kiasi alichokula, pumu isiyodhibitiwa, homa au maambukizi siku hiyo, mazoezi, pombe, na dawa kama ibuprofeni. Kati ya hivyo vyote, pumu isiyodhibitiwa ndiyo tunayoiogopa kuliko vingine. Mtoto mwenye mzio wa karanga anayekohoa kila usiku anahitaji pampu yake irekebishwe kabla ya kurudia kipimo chochote.

Kuna kiwango ambacho mtu anaweza kusema "huyu ana mzio" bila kubahatisha?

Kwa vyakula vichache vipo viwango vinavyokaribia hapo. Kwa watoto waliochunguzwa Marekani kwa ImmunoCAP, takriban 95% ya waliokuwa na 7 au zaidi kwa yai, 15 kwa maziwa, 14 kwa karanga na 20 kwa samaki waliumwa walipokula. Kwa watoto wa miaka 2 na chini, viwango vinashuka hadi 2 kwa yai na 5 kwa maziwa. Ngano na soya hazina kiwango cha kuaminika namna hiyo: hata kwenye 26 kwa ngano, karibu robo ya watoto walikula bila kuumwa.

Watoto hao walikuwa tayari wamepelekwa kwa mabingwa kwa kushukiwa mzio, wengi wakiwa na ukurutu. Ukimpima mtoto yeyote wa shule hapa mjini asiye na dalili yoyote, 14 ya karanga haina uzito huo. Swali linalofuata linaeleza sababu.

IgE ya jumla ni 1,900. Hii inamaanisha nina aleji ya kila kitu?

IgE ya jumla kwa mtu mzima asiye na mzio kwa kawaida iko chini ya 100 hivi. Ikipanda, visababishi ni vingi: ukurutu mkali, pumu, na kwa mazingira yetu, minyoo. Askaris (minyoo mirefu ya matumbo), tegu, minyoo wa safura na kichocho wanaweza kuifanya IgE ipande sana. IgE ya jumla peke yake haithibitishi mzio wala haiukanushi. Mtu mwenye jumla ya 30 anaweza kuwa na mzio wa kuua wa karanga.

Kwa nini tuipime basi? Kwa sababu inatusaidia kuzisoma zile ndogo. Jumla ikiwa 1,900, vyakula kumi vyenye 0.4 hadi 1.5 kila kimoja mara nyingi ni kelele za chini tu. Jumla ikiwa 25 na karanga ikawa 4, hiyo 4 ni sehemu kubwa ya IgE yote ya mtoto, na tunaipa uzito.

Minyoo wana hila nyingine. Huufanya mwili utengeneze kingamwili dhidi ya sukari zilizoshikamana na protini, na sukari za namna hiyo zimo pia kwenye karanga, ngano, chavua na mimea mingine. Utafiti wa watoto wa shule nchini Ghana uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta watoto wenye IgE ya karanga ya kutosha kuwatisha wazazi, na hawakuwa na mzio. Kingamwili zao zilikuwa za sukari hizo, na kichocho kilihusishwa nazo. Kwa hiyo kwa mtoto aliyekulia karibu na mashamba ya mpunga ya Mwea, au aliyeoga ziwani kila likizo, uliza habari za kichocho kabla ya kumnyima karanga. Maabara inaweza kupima kingamwili za sukari hizo, msimbo o214. Ikiwa iko juu na karanga iko juu kidogo, unajua pa kutilia shaka.

Nionyesheni mfano wa karatasi inayosomwa mstari kwa mstari.

Tuchukue karatasi ya kubuni. Mtoto wa miaka 6, ana ukurutu tangu akiwa mdogo, anapiga chafya kila asubuhi. Mara mbili alikula yai la kuchemsha na baada ya dakika 15 midomo ikavimba na mabaka yakatokea shingoni. Kila siku anakunywa chai ya maziwa, anakula chapati, na uji wake hutiwa karanga za kusaga.

IgE ya jumla: 1,240
Maziwa f2: 0.62
Ute wa yai f1: 5.8
Ovomukoidi Gal d 1: chini ya 0.10
Ngano f4: 2.9
Karanga f13: 1.7
Ara h 2: chini ya 0.10
Kamba f24: 3.3
Utitiri d1: 71
Nyasi ya ukoka g2: 34

Maziwa: anayanywa kila siku, hana shida. Mstari huu unafutwa kichwani, na maziwa yanaendelea. Kuyaondoa kungemnyima kalisi na protini. Pia mtoto mwenye ukurutu anayenyimwa chakula alichokuwa akikivumilia anaweza kupoteza ule uvumilivu, akaja kupata anafilaksisi ya kweli siku atakapokionja tena. Hilo ndilo dhara tunaloliona kubwa kuliko yote katika kusoma karatasi hizi vibaya.

Yai: 5.8 haifiki 7, ila historia inajitosheleza. Dalili zilitokea ndani ya saa mbili, zilijirudia, na ni za mzio. Ana mzio wa yai. Ovomukoidi ni protini ya yai isiyovunjwa na moto. Kwa kuwa haina IgE, kuna matumaini kwamba yai lililookwa vizuri ndani ya keki atalivumilia, kama inavyokuwa kwa takriban 70% ya watoto wenye mzio wa yai. Jaribio la kwanza lifanyike kliniki. Na "kuokwa" hapa ni nyuzi 180 kwa dakika 30 hivi ndani ya unga wa ngano. Mandazi yenye yai hukaangwa dakika chache tu, katikati hubaki laini, hivyo hayahesabiki. Wala chapati iliyopakwa yai.

Ngano: anakula chapati. Chavua ya nyasi na ngano ni ndugu, na mtu mwenye nyasi 34 karibu lazima ngano yake ionyeshe kitu. Unafuta.

Karanga: anazila, na Ara h 2, protini ya karanga inayoendana zaidi na mzio wa kweli, haimo. Aendelee na uji wake.

Kamba: hajawahi kula. Misuli ya kamba ina tropomaiosini, protini iliyomo pia kwa utitiri na mende. Mwenye utitiri 71 anaweza kuonyesha kamba 3.3 bila kuwa na mzio wa kamba. Hapa jibu ni "hatujui bado". Kama familia huenda Mombasa na kamba ni chakula chao, ajaribiwe kliniki. Kama hawali, hakuna haraka.

Utitiri na nyasi: hizi ndizo chafya za asubuhi. Hapa matibabu yana kazi: dawa ya steroidi ya kupuliza puani kila siku, kifuniko kisichopitisha utitiri kwenye godoro na mto, mashuka yafuliwe kila wiki kwa maji ya nyuzi 60, unyevu upunguzwe chumbani.

Karatasi ilikuwa na mistari saba ya juu ya 0.35 ukiacha ile ya jumla. Mtoto aliondolewa chakula kimoja tu.

Nimeona majibu mengine hutokana na undugu wa protini. Yapi hutokea sana hapa?

Karanga na maharagwe, ndengu, kunde, njegere: kwenye karatasi huonekana pamoja mara nyingi, lakini ni takriban 5% tu ya wenye mzio wa karanga wanaoumwa na kunde nyingine. Usimwondolee mtoto wa karanga githeri kwa sababu ya karatasi.

Korosho na pistachio ni ndugu wa kweli. Mwenye mzio wa moja aepuke zote mbili hadi athibitishwe. Lateksi na ndizi, parachichi na papai: hii hutokea kwa wahudumu wa afya waliovaa glovu za mpira miaka mingi. Mdomo ukiwasha kila ukila parachichi, omba lateksi ipimwe.

Samaki: msimbo wa kawaida f3 ni wa kodi, samaki wa bahari ya baridi. Protini kuu ya mzio wa samaki, parvalbumini, inafanana kwa samaki wengi, kwa hiyo f3 husaidia, lakini ikiwa hasi haimalizi habari ya omena au tilapia. Hapo kudonoa ngozi kwa samaki mwenyewe, aliyeletwa kutoka nyumbani, ni bora zaidi.

Je, mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe anaweza kutumia ya mbuzi? Na ya ngamia?

Ya mbuzi hapana. Zaidi ya 90% ya wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe wanaumwa na ya mbuzi pia, kwa sababu protini zake zinafanana mno. Ushauri wa "mpe ya mbuzi" unaosikika sana umewapeleka watoto hospitali. Maziwa ya ngamia, ambayo Eastleigh yanapatikana kwa urahisi, hayana beta-laktoglobulini na kasini yake ina tofauti kubwa, hivyo wengi huyavumilia. Wengi, hatukusema wote. Jaribio la kwanza lifanyike chini ya uangalizi, yawe yamechemshwa, na yasiwe mbadala wa maziwa ya mama au ya kopo kwa mtoto wa chini ya mwaka bila ushauri wa mtaalamu wa lishe.

Kila Oktoba macho yanawasha jakaranda zikichanua. Kwa nini kipimo hakioni jakaranda?

Kwa sababu jakaranda huchavushwa na wadudu. Chavua yake ni nzito na haipeperuki mbali. Ua la zambarau unaliona, chavua ya nyasi huioni. Wakati huohuo mvua za vuli zinaanza na nyasi zinatoa maua. Vivyo hivyo baada ya masika ya Machi hadi Mei. Tazama pia uzio wa misipresi unaozunguka kiwanja: misipresi huchavushwa na upepo.

Hapa kuna kosa la kuagiza tunaloliona. Paneli za Ulaya, yaani vipimo vilivyofungwa pamoja, hubeba nyasi ya timothi, g6, na mti wa bachi, t3. Bachi haioti Nairobi. Nyasi ya timothi na ukoka, g2, hazifanani vya kutosha, na nyasi ya Kikuyu iko katika tawi jingine la ukoo wa nyasi, karibu zaidi na g10 (nyasi ya Johnson) na g17 (nyasi ya Bahia). Paneli yenye g6 peke yake inaweza kuwa hasi kwa mtu anayeteseka kila Juni kwa nyasi. Omba g2 na mojawapo ya g10 au g17, pamoja na d1, d2 (utitiri wa aina nyingine) na i6.

Majibu yote ni hasi lakini mtoto bado anaumwa.

Kwanza, si kila mzio unapitia IgE. Mtoto mchanga anayetoa kamasi na damu kwenye kinyesi, au anayetapika mfululizo saa moja hadi nne baada ya kula kitu fulani hadi akalegea na kupauka, anaweza kuwa na mzio wa chakula ambao kipimo hiki hakiuoni kabisa. Kumrudishia chakula hicho kwa sababu "damu ni safi" ni hatari.

Pili, huenda si mzio. Kujaa gesi na kuhara baada ya maziwa kwa mtu mzima mara nyingi ni upungufu wa laktesi, kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa. Ugonjwa wa siliaki, wa utumbo unaoharibiwa na ngano, hupimwa kwa kingamwili nyingine, tTG ya IgA, mgonjwa akiwa bado anakula ngano.

Tatu, protini husika haimo ya kutosha kwenye kipimo. Mfano mzuri ni mtu anayekula chapati, anakimbia au anameza ibuprofeni, kisha anaanguka. Kipimo cha ngano kinaweza kuwa karibu na sifuri, na kile cha gliadini ya omega-5, Tri a 19, kikawa juu. Mfano mwingine ni nyama choma ya jioni inayomwamsha mtu saa sita usiku na mabaka mwili mzima: hapo ulizia kingamwili za alfa-gal (sukari iliyomo kwenye nyama kama ya ng'ombe na mbuzi), zinazotokana na kuumwa na kupe. Dalili huchelewa saa 3 hadi 6, ndiyo maana watu hawaihusishi na nyama. Wafugaji wengi wana IgE hiyo bila ugonjwa, hivyo na yenyewe haisomwi bila historia.

Na kama damu ni hasi lakini historia ni ya wazi, midomo kuvimba ndani ya dakika chache, mwamini mgonjwa. Aepuke chakula hicho hadi adonolewe ngozi au afanyiwe jaribio la kula chini ya uangalizi.

Kipimo cha IgG cha vyakula 90 au 200, je?

Usikinunue. IgG, aina nyingine ya kingamwili, hasa IgG4, huonyesha kwamba umekula chakula na mwili umekizoea. Jumuiya ya mabingwa wa mzio wa Ulaya ilitoa tamko mwaka 2008 kwamba IgG4 haifai kutambua mzio wa chakula. Tunasema hili kwa uchungu, kwa kuwa kinauzwa ghali na huwaacha watu wakila wali na kabeji pekee.

Na penisilini?

IgE ya penisilini na amoksilini hupimwa, lakini hukosa wagonjwa wengi wa kweli. Ikiwa chanya na historia ipo, ni ushahidi. Ikiwa hasi, haikupi ruhusa ya kudunga. Wengi wanaobeba lebo ya "mzio wa penisilini" waliipata utotoni kwa vipele vya homa. Hawa wachunguzwe vizuri na lebo iondolewe, maana hubaki wakipewa antibiotiki kali kuliko inavyohitajika.

Baada ya anafilaksisi, damu ichukuliwe lini?

Damu mbili tofauti. Triptesi, kemikali inayomwagwa na seli za mzio, huchukuliwa mapema: saa 1 hadi 2 baada ya dalili kuanza, isizidi 4, kisha nyingine baada ya saa 24 dalili zikiwa zimekwisha. Ya kwanza ikizidi (1.2 × ya pili) + 2, kwa vizio vya µg/L, seli za mzio zilifumuka kweli. Triptesi ya kawaida haikanushi, hasa kwa mzio wa chakula. IgE mahsusi inaweza kuwa ndogo kwa uongo siku za kwanza, kwa hiyo hasi ya wiki ya kwanza irudiwe baada ya wiki 4 hadi 6.

Nani anapaswa kuwa na adrenalini nyumbani?

Uamuzi huu hautoki kwenye tarakimu. Unatoka kwenye historia: aliyepata anafilaksisi, mwenye mzio wa chakula pamoja na pumu, anayeumwa kwa kiasi kidogo sana, au anayeishi mbali na hospitali. Dozi ni 0.01 mg kwa kila kilo, kwenye msuli wa paja upande wa nje, isizidi 0.3 mg kwa mtoto na 0.5 mg kwa mtu mzima. Inaweza kurudiwa baada ya dakika 5 hadi 15. Kwa ampuli ya 1 mg kwa mililita, mtoto wa kilo 15 anapata mililita 0.15. Kalamu ya adrenalini haimo katika kila duka la dawa, kwa hiyo familia nyingine hufundishwa ampuli na sirinji ya mililita 1. Mafunzo yafanyike kwa mikono, kwa maji, mara kadhaa, na dozi iandikwe kwa kalamu nene kwenye kifurushi. Antihistamini haichukui nafasi ya adrenalini.

Kipimo kirudiwe lini?

Maziwa na yai kila miezi 12 hadi 18, karanga kila miaka 2 au 3. Kushuka kwa nusu ndani ya mwaka ni habari njema na huashiria kwamba jaribio la kula linakaribia. Watoto wengi hupona mzio wa maziwa na yai kabla ya utu uzima. Wa karanga hupona mmoja kati ya watano hivi. Kurudia kila miezi mitatu ni kupoteza pesa na kumchoma mtoto bure.

Tabibu aandike nini kwenye fomu ya maabara?

Asiandike "paneli ya mzio". Aandike vitu viwili hadi sita vilivyotajwa na historia, kwa misimbo, pamoja na IgE ya jumla. Kabla ya hapo amuulize mgonjwa: alikula nini hasa na kiasi gani, baada ya dakika ngapi, nini kilitokea, kilidumu muda gani, alikuwa na homa au alifanya mazoezi, alimeza dawa gani, na je, amewahi kukila tena baada ya hapo. Jibu la swali hilo la mwisho, kama ni "ndiyo, na hakikumfanya kitu", lina uzito kuliko tarakimu yoyote itakayorudi kutoka maabara, na mara nyingi linatosha kuiacha fomu tupu.